Rangi Zako na Mtamba wa Wankuru

Bhoke, umekosa adabu, na nakuambia kwa karatasi kwa sababu ana kwa ana utaanza kulia, mimi nitakuonea huruma, na jambo lenyewe litapotea. Juzi kwenye mkutano wa josho la ng'ombe ulisimama mbele ya watu, umevaa lile gauni nililokushonea mwenyewe, ukasema: "Programu haina tatizo. Bibi ndiye aliyesoma vibaya." Watu wote wakanigeukia. Ukakaa chini. Hukusema hata samahani. Mimi ndiye niliyekulea tangu meno yako ya mbele hayajaota, mama yako alipokuacha hapa Mbalibali akaenda Nyamongo kupikia wachimbaji, na mimi ndiye uliyenitupa pale kama maganda.

Basi kaa chini usome. Usiruke mistari kama unavyoruka ya kwenye simu.

Naandika mchana, wewe ukiwa Issenye kuwaaga shangazi zako kabla ya safari ya kesho ya Dodoma. Nimekaa nje, mgongo ukutani, jua linanipiga kwenye karatasi. Karatasi ni manila, nimeiomba kwa mwalimu, na kalamu ni maka peni nyeusi. Najua utacheka ukiona herufi kubwa kama za tangazo la mnada. Cheka. Kalamu ya kawaida siioni tena. Nikiandika nayo mstari wa kwanza, wa pili naupandisha juu yake, vinakuwa kama miguu ya kuku kwenye tope. Na usiku siandiki kabisa, maana usiku mimi na karatasi hatujuani.

Hilo ulikuwa hulijui. Bwana mifugo peke yake analijua, naye nilimwapisha.

Mambo ya nguo, ya chakula, ya wanaume wa Dodoma, sitakufundisha. Unayoyajua unayajua, usiyoyajua utaumia kidogo utayajua. Nataka kukuambia yangu, ambayo sijamwambia mtu.

Macho yalianza kabla ya mavuno yaliyopita. Kwanza niliona kama nyumba ina moshi, nikakugombeza kwa kuni mbichi. Unakumbuka? Ulisema, "Bibi, mbona zimekauka?" Nikakuita mwongo. Baadaye pembeni kukaanza kuliwa, kama mtu anayefunga mlango polepole huku wewe umesimama ndani. Nikakuambia naenda Mugumu kununua mbegu. Sikununua mbegu. Nilikaa kwenye benchi la hospitali peke yangu tangu asubuhi, na daktari akaniambia ni presha ya macho. Kilichokwenda kimekwenda. Dawa ya matone inashikilia kilichobaki, basi. Ile chupa uliyoikuta chini ya godoro ukauliza ni ya nini, nikasema ya masikio, ndiyo hiyo.

Utauliza kwa nini nilificha. Nilificha kwa sababu ya daftari.

Nimeishia darasa la nne, unajua. Wanaume wa kijiji hiki waliponipa daftari la josho walikuwa wanatania, walitaka kuona nitashindwa siku ya ngapi. Sikushindwa. Mama yako alikuwa bado hajazaliwa. Ng'ombe wa Mbalibali niliwajua kwa rangi kuliko nilivyowajua watoto wa Mbalibali kwa majina. Mwekundu mwenye doa pajani, mweusi mwenye mkanda, wa kijivu mwenye uso mweupe, kila mmoja na mwenyewe. Aliyechomwa sindano niliweka alama mbele yake. Ambaye bado, nikapaacha tupu. Alama, amechomwa. Tupu, bado. Hata Mzee Marwa mwenyekiti, ambaye hajui kusoma, aliweza kufungua daftari langu akakuambia ng'ombe wake wangapi bado.

Sasa mwanamke kama huyo atasemaje kwamba haoni? Nani angenipa tena heshima? Nikajifunza kuigiza. Mtu akija namngoja akohoe au aseme, namjua kwa sauti. Akinyamaza nakisia kwa mwendo. Siku moja kitu kimelia mlangoni pa ofisi ya josho, mimi nikaitikia, "Marahaba, marahaba mjukuu wangu." Alikuwa mbuzi. Mzee Marwa alikuwa anapita, akacheka mpaka akashika ukuta. "Robhi siku hizi anapokea shikamoo hata za mbuzi!" Josho zima likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Jioni nilikaa jikoni bila kuwasha moto. Wewe ulikuwa chuoni bado.

Kisha ukarudi na programu yako.

Sikatai, nilijivuna. Kompyuta ilikuwa pale ofisi ya josho imefunikwa kitambaa, hakuna wa kuigusa, na mjukuu wangu akaja akaiamsha. Uliingiza daftari langu lote ndani, jina kwa jina, mimi nakusomea kwa kichwa nikijifanya nasoma kwenye kurasa. Ukachagua rangi. Siku tatu nzima za rangi! Nyuma nyeupe, maandishi ya kijivu, vitufe vya kijani laini, na mbele ya kila ng'ombe kidoa, cha kijani kwa aliyechomwa na cha waridi kwa ambaye bado. Ukaniuliza, "Bibi, si imependeza?" Nikasema imependeza sana. Sikuwa nimeona kitu. Niliona mwanga, kama mtu anayetazama shuka imeanikwa juani.

Wiki iliyofuata, wewe umekwenda Mugumu, nilimvuta bwana mifugo pembeni. Nikamwambia, "Wewe kijana, nikikuambia jambo, utakufa nalo?" Akasema, "Bibi, nitakufa nalo." Nikamwambia. Akakaa kwenye kiti cha kompyuta, akabonyeza-bonyeza, na kompyuta nzima ikageuka usiku. Nyuma nyeusi tii, maandishi meupe, makubwa, yamekaa kama nyota. Bhoke, nilisoma saa! Nilisoma siku na mwezi. Nilisoma jina la kila faili. Nilikuwa sijasoma neno tangu mavuno, na sikumwangalia bwana mifugo maana machozi yalikuwa yananitoka.

Halafu nikafungua programu yako, na maneno yote yakazimika.

Sikuelewa. Nilifikiri macho ndiyo yamemaliza kazi yao siku hiyo. Nyuma ilikuwa nyeusi kama kompyuta ilivyoambiwa, lakini maandishi yako yalibaki kijivu kilekile ulichokichagua, kijivu juu ya weusi, kama mkaa juu ya sufuria. Vitufe vikawa havina mipaka. Vidoa tu ndivyo vilivyobaki vinang'aa kidogo, na kwa jicho langu cha kijani na cha waridi ni mtu na pacha wake. Pale pembeni ya kidoa uliandika "bado". Najua uliandika, ulinisomea mwenyewe. Lilikuwepo, limezama.

Ningemwita bwana mifugo arudi. Ningekwambia wewe ulipotoka Mugumu. Sikusema. Orodha naijua kwa kichwa, nikajiambia nitahesabu mistari: familia ya nani iko ya ngapi, ng'ombe wa nani ni wa ngapi. Na ndivyo nilivyofanya kazi wiki mbili, na hakuna aliyegundua. Nilijiona mjanja sana.

Ndipo akaja Wankuru. Unamwita Bibi Wankuru, lakini mimi nilimjua tukiwa mabibi harusi sote wawili, tumeletwa kijiji hiki msimu mmoja, tukalia pamoja nyuma ya ghala moja. Siku ya sindano ya chambavu, ule ugonjwa wa kuvimba paja, alikuwa kitandani na homa, jirani akampelekea ng'ombe wake, na hakuwa na hakika kama wote walipita. Alisimama dirishani pa ofisi ya josho, nikamjua kwa kikohozi.

"Robhi, yule mtamba wangu mwekundu amechomwa?"

Nikahesabu mistari. Nikafika kwake. Nikaona kidoa. Alama ipo, amechomwa. Miaka yote hiyo alama ni amechomwa, tupu ni bado, mkono wangu haujui sheria nyingine. Kwenye programu yako kila ng'ombe ana kidoa, hata ambaye bado.

"Amechomwa," nikasema.

"Una hakika? Maana kesho bwana mifugo anamalizia waliobaki. Kama bado, nimlete."

"Wankuru, daftari hili nimelishika mimi au umelishika wewe? Kompyuta imesema."

"Haya basi. Ukisema wewe, nimeamini."

Akaenda zake anaimba chinichini.

Kompyuta haikusema kitu, Bhoke. Mimi ndiye niliyesema. Aliniuliza mara mbili, akanipa mlango mara mbili, na neno lenyewe lilikuwa fupi: sioni. Nilishindwa kulitoa mdomoni.

Mengine unayajua. Mtamba alianza kuchechemea asubuhi moja, paja limevimba, ukilibonyeza linasikika kama karatasi inakunjwa. Jua halijazama akafa. Hata nyama hakuna, mzoga ukafukiwa. Wankuru ana ng'ombe watatu tu na huyo ndiye aliyemtegemea amnyweshe maziwa uzeeni. Hakuja kunitukana. Ningependa angekuja kunitukana. Sasa anapita njia ya mtoni, ile ndefu, na ndoo kichwani, ili asipite mlangoni kwangu. Nasikia kikohozi chake kwa mbali. Kila asubuhi nanyamaza nikisikiliza kama kitakaribia.

Sasa nikuambie kitu cha zamani zaidi, na hiki mama yako mwenyewe hakijui.

Mama mkwe wangu, mama wa babu yako, alipofuka akiwa nyumba hii hii. Si hii ya bati, ile ya udongo iliyokuwa hapa. Zamani kila mwanamke alikandika nyumba yake kwa samadi na udongo, halafu akapaka mstari wa majivu kuzunguka mlango. Mzee yule alikuwa anautumia mstari ule. Asubuhi anatoka, anaota jua, na kurudi anautafuta ule weupe, anaufuata, anaingia. Mimi nikaja, msichana wa kisasa, nimefika darasa la nne. Nikapata udongo mwekundu mzuri wa kule korongoni, nikakandika ukuta wote rangi moja, mlango, kizingiti, kila kitu, laini kama kibuyu. Majirani walikuja kushika ukuta kwa mikono. Mama mkwe akaniambia, "Robhi, umesahau majivu yangu." Nikamjibu, "Mama, nyumba za watu waliosoma hazipakwi majivu."

Akaniomba mara ya pili. Nikasema nitapaka. Sikupaka, niliuonea huruma ukuta wangu.

Alianguka kwenye kizingiti, nyonga ikavunjika. Alilala misimu miwili ya mvua hakuinuka. Hakunilaumu hata siku moja. Ila kila asubuhi, kabla sijampa uji, aliuliza, "Robhi, mlango uko upande gani?" Nilimwambia, na kesho akauliza tena. Baada ya kumzika nilipaka mstari wa majivu, mpana wa viganja viwili. Ulikuwa wa nani tena?

Kwa hiyo ulipokaa siku tatu unachagua kijivu, mimi nilikujua. Nilijiona mwenyewe na tope langu jekundu.

Usifikiri sikusikia mlivyogombana wewe na bwana mifugo baada ya mtamba kufa. Mimi nilikuwa nje ya dirisha, na masikio yangu ni mazima. Siri yangu hakuitoa, alikushika kwenye rangi tu.

"Kompyuta imesema nyeusi, programu yako ikajibu kijivu."

"Lakini ile rangi ndiyo sura ya programu yangu!"

"Sura ya programu au sura yako?"

Ukatoka unapiga miguu chini. Baadaye tulipokuwa tunamenya viazi ulinieleza kwa hasira, unafikiri naelewa nusu. Kwamba kila kitufe, kila dirisha, kila neno, umekiandikia rangi yake kwa jina mahali pake, mahali zaidi ya mia, na kubadilisha ni kazi ya kuvunja mgongo. Bhoke, nani alikufundisha kupanga nyumba? Jikoni kwangu hakuna chungu kinachoitwa chungu chekundu. Kuna chungu cha uji, chungu cha maji, chungu cha mboga. Cha uji kikivunjika naleta kingine, cheusi, cheupe, na nyumba nzima inajua uji uko wapi. Zipe rangi zako majina ya kazi zake. Hii ya maandishi. Hii ya nyuma. Hii ya onyo. Hii ya kitufe kilichochaguliwa. Ziweke mahali pamoja, rafu moja, na kila sehemu ya programu iende kuchukua pale. Mwenye kompyuta akisema kwake ni nyeusi na nyeupe, unabadilisha rafu, hutembei nyumba nzima na ndoo ya rangi.

Na rangi ya nyuma na rangi ya maandishi zinakaa pamoja kama mume na mke. Ukichukua ya nyuma kwa kompyuta, chukua na ya maandishi kwa kompyuta. Wewe ulichukua moja ukashikilia nyingine yako kwa sababu unaipenda. Hapo katikati, Bhoke, ndipo alipofia mtamba wa Wankuru.

Kidoa peke yake usikitume kazi ya neno. Wapo wanaume hapa, wanachunga tangu wana miaka sita, nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja, na hawatakuambia hata ukiwachapa. Weka neno. Weka alama pale pa amechomwa, na pa bado acha tupu, kama kijiji kinavyojua. Ulipochukua daftari langu ulichukua majina, hukuuliza tupu ina maana gani. Na mimi sikukuambia, maana nilidhani kila mtu anajua.

Na mtu akigeuza kompyuta yake programu ikiwa imefunguliwa, igeuke naye papo hapo. Usimwambie afunge afungue tena. Anayegeuza rangi amekwisha kuhangaika vya kutosha.

Najua huko uendako ni ofisi ya watu wanaotengeneza programu za zahanati. Watakusifu kwa rangi zako, una jicho zuri, nalisema. Lakini mahali fulani atakaa muuguzi mtu mzima, mwenye kiburi kama changu, ameficha kama nilivyoficha, na mbele yake kuna mtoto anayengoja dozi. Huyo hatakuandikia barua. Hatasema kwamba haoni. Atahesabu mistari. Usimngoje aseme.

Na wewe ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, neno likiwa bado dogo. Mimi langu lilikuwa neno moja. Sasa limekuwa kaburi la ng'ombe na njia ndefu ya mtoni.

Kesho ukishaondoka nitabaki na redio na kuku. Sitaki unihurumie. Kuku nawajua kwa sauti, na njia ya chooni nimeihesabu, hatua ishirini na mbili. Nilichokosa ni mtu wa kumgombeza. Nimejaribu kugombeza redio, haijibu.

Jua linahama, kivuli kimefika kwenye karatasi. Nimalize.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Ukirudi kutoka Issenye, usilifunge begi. Ofisi ya josho iko wazi mpaka jioni, nimeshamwambia bwana mifugo atungoje. Utakaa kwenye kiti changu, kompyuta ikiwa nyeusi vilevile kama ilivyo, na utatoa kijivu chako chote, hata kama ni mahali mia mbili, kwa sababu Alhamisi wanachoma tena na mimi ndiye nitakayesoma. Huinuki mpaka nisome jina la Wankuru kwa macho yangu, bila kuhesabu.

Kutoka pale tunakwenda kwake, tunapita njia ile ndefu anayopita yeye. Mimi nitaanza, nitasema sikuona na nilidanganya. Ukifika wakati wako sema la kwako, usiniongezee wala usinipunguzie. Akitufukuza, tumefukuzwa. Kosa la programu ile alisikie kwa mdomo wako.

Na kesho asubuhi, kabla gari halijapiga honi, ingia jikoni, uchukue majivu, uyachanganye na maji yawe mazito, unipakie mstari mlangoni. Huku na huku, na juu, na kwenye kizingiti chini. Uwe mnene. Usijisumbue kuufanya mzuri. Ufanye uonekane.